Figo imevimba: nishike vidonge au sindano za Kichina?

Swali: Daktari, habari ya kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Donholm, nina miaka 34. Mwezi wa tatu nilianza kuamka macho yamevimba, jioni miguu nayo inajaa, na mkojo una povu kama la sabuni. Hospitalini wakaniambia nina uvimbe wa figo, nikapewa prednisoloni vidonge kumi kila asubuhi pamoja na enalaprili. Walitaka pia kunifanyia biopsi, yaani kutoa kipande kidogo cha figo wakichunguze, nikaogopa nikaahirisha. Sasa uso umekuwa mviringo mpaka wanafunzi wananicheka, usingizi sipati, njaa haishi, na nina kikohozi kikavu. Shangazi amenipeleka kliniki moja ya akupancha, Kilimani. Mtaalamu wa pale anasema nichomwe sindano mara kumi, ninywe na pakiti za mitishamba za kuchemsha, ila kwanza niache vidonge kwa sababu vinagongana. Jirani ya shangazi alipona hivyo hivyo. Je, sindano zinaweza kushika nafasi ya vidonge? Viungo pia vinaniuma, huwa nanunua diklofenaki kwa kemisti.

Jibu: Mwalimu, pole sana. Nianze na lile la haraka. Kama bado unameza prednisoloni, kesho asubuhi meza tena, pamoja na chakula. Kama umeshaiacha, usingoje tarehe ya kliniki. Rudi hospitalini sasa hivi uwaambie ni siku ngapi zimepita. Juu ya kila figo kumekaa tezi ndogo mfano wa kofia, nayo hutengeneza kotisoli, homoni inayokuwezesha kuhimili homa, jeraha na misukosuko mingine ya mwili. Ukimeza prednisoloni kwa zaidi ya wiki tatu hivi, tezi hiyo huona kazi yake inafanywa na mwingine, ikasinzia. Ukikata vidonge ghafla, unaikuta usingizini. Presha huporomoka, mtu hutapika, huishiwa nguvu, wengine huzimia. Ndiyo maana dawa hii hupunguzwa ngazi kwa ngazi, na wa kuipunguza ni yule anayeona majibu yako ya maabara. Anayekwambia uache bila hata kukupima presha anakuweka hatarini, hata akiwa na nia safi.

Sasa swali lenyewe. Hapana, sindano haziwezi kushika nafasi ya vidonge. Ila nisingependa ulichukue hilo kwa sababu tu limesemwa na daktari, kwa hiyo nipe muda kidogo.

Neno "uvimbe" linatupotosha. Figo yako haikuvimba kama kifundo cha mguu kilichoteguka. Kila figo ina vichungi vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kwa siku nzima figo mbili huchuja takriban lita 180 kutoka kwenye damu, zikarudisha karibu yote, zikakuachia lita moja au mbili za mkojo. Katika ugonjwa wako kinga ya mwili, yaani askari wa nyumba wenyewe, imevigeukia vichungi hivyo na kuviunguza. Fikiria kichungi cha chai kilichotoboka, majani yakapita mpaka kikombeni. Majani hapa ni protini, na povu unaloliona linatokana na hiyo. Damu ikiishiwa na protini, maji hukosa wa kuyashikilia ndani ya mishipa, yakavuja kwenda machoni asubuhi na miguuni jioni. Kwa wengine hupita damu pia, mkojo ukawa na rangi ya strungi.

Ona kwamba katika maelezo yote hayo sijataja maumivu. Vichungi vinaweza kuungua mwaka mzima huku mtu anafundisha, anapanda matatu, anacheka harusini. (Mgongo unaowauma watu wengi hapa mjini, wakaja kwangu wakisema "ni figo, daktari", mara nyingi ni misuli na kiti kibaya.) Kwa hiyo unavyojisikia si kipimo cha figo. Unaweza kujisikia mzima wakati protini inavuja, na unaweza kujisikia vibaya kwa sababu ya vidonge wakati figo inapona, na nadhani hapo ndipo ulipo wewe. Tiba yoyote ya ugonjwa huu, iwe imetoka Beijing au Kenyatta, mimi naiuliza mambo matatu: protini kwenye mkojo imeshuka? Kreatinini kwenye damu, ile taka ambayo figo huiondoa, imetulia? Presha iko wapi?

Vidonge vyako viwili vinajibu maswali hayo kwa njia mbili tofauti. Prednisoloni inawatuliza askari. Enalaprili inalegeza mshipa unaotoa damu kwenye kichungi, msukumo ndani yake ukapungua na protini inayochuruzika ikapungua nayo. Ushahidi upo, na una ubaya wake ndani yake. Chukua aina moja ya uvimbe wa figo iitwayo IgA. Watafiti waliwagawa kwa kura wagonjwa 503 katika nchi za China, India, Malaysia, Australia na Canada, baadhi wakapewa steroidi, yaani dawa za jamii ya prednisoloni yako, na wengine vidonge visivyo na dawa ndani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Waliopoteza sehemu kubwa ya nguvu ya figo, au figo zikafa kabisa, walikuwa asilimia 28.8 ya waliopewa steroidi, na asilimia 43.1 ya wale wengine. Lakini katikati ya safari ilibidi dozi ipunguzwe, kwa sababu waliopewa steroidi walikuwa wakipata maambukizi makali. Kwa hiyo hofu yako ya prednisoloni si ujinga. Na ukumbuke kwamba wengi wa wagonjwa wale walikuwa Wachina. Katika nchi ambayo sindano hizi zimetumika kwa zaidi ya miaka elfu mbili, madaktari wa figo walipotaka kuokoa vichungi walipima steroidi.

Je, sindano nazo? Mwaka 2016 mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzichambua bila kupendelea, ulitazama akupancha na ndugu zake kwa wagonjwa wa figo. Zilipatikana tafiti 24, nyingi kwa watu ambao tayari wanasafishwa damu kwa mashine, na nyingi ziliuliza kuhusu uchovu, usingizi, huzuni na mwasho wa ngozi. Kulikuwa na dalili kwamba kubonyeza kwa vidole vile vituo vya mwilini wanavyochoma kunapunguza shida hizo kwa muda mfupi, ila tafiti zenyewe zilikuwa dhaifu mno. Hakuna kilichopatikana cha kukufanya uache dawa inayolinda kichungi.

Udhaifu wake ni rahisi kuuelewa. Kundi moja linapewa dawa, jingine linapewa dawa na sindano. La pili likijisikia afadhali, je, ni sindano, au ni kule kulazwa kitandani nusu saa chumba kimetulia, na mtu mpole anakuuliza unalalaje? Wajerumani walijaribu kulitegua fumbo hilo kwa maumivu ya kiuno. Waliwagawa wagonjwa 1,162 katika makundi matatu: sindano za kweli kwenye vituo vya Kichina, sindano za danganya zilizochomwa juujuu mahali pasipo kituo, na tiba ya kawaida ya hospitali. Mwaka 2007 wakatangaza kwamba waliopata nafuu ni asilimia 47.6, 44.2 na 27.4, kwa mpangilio huo. Mimi huyasoma majibu hayo hivi: kuchomwa kunasaidia maumivu, tena kuliko tulivyozoea kukiri sisi wa hospitali, ila mahali pa kuchoma hapana uzito kama wanavyodai wenyewe.

Nisije nikaonekana nawabeza. Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha kazi ya maabara moja ya Harvard iliyoonyesha kwamba kuchokoza kwa umeme kituo kilicho chini ya goti, Wachina wanakiita Zusanli, kunaamsha neva fulani kwenye mguu wa panya mpaka kule kuungua kwa mwili kunakoletwa na kinga kunapungua. Jambo la kuvutia sana. Lakini wale walikuwa panya waliodungwa sumu ya bakteria na kufuatiliwa kwa muda mfupi, nawe ni mtu ambaye kinga yake imevishambulia vichungi kwa miezi.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao nadhani ulikupata pale Kilimani bila wewe kujua. Mtaalamu wa akupancha akisema "figo yako ni dhaifu", hasemi kile ambacho maabara imeandika. Katika elimu yao "shen", neno tunalolitafsiri figo, ni nguvu ya uzazi, mifupa, nywele, masikio, hata woga. Ni kama sisi tunavyosema fulani hana moyo. Hakuna anayemkimbiza huyo mtu kupigwa picha ya kifua. Akisema atakuimarishia figo kwa kituo cha Shenshu kilicho kiunoni, anaweza kuwa mkweli ndani ya lugha yake, na vichungi vyako vikabaki vinaungua vile vile.

Nimefika sasa kwenye pakiti, na hapa ndipo nisipolala. Sindano, kusema kweli, hazinitishi sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza mwili huko Brussels, Ubelgiji, iliongeza mitishamba miwili ya Kichina kwenye vidonge vyake. Kwa muda mfupi wanawake ambao hawakuwa na ugonjwa wowote wa figo wakaanza kufika hospitalini figo zimekauka. Kumbe mmoja wa mitishamba ile, uitwao "fang ji", ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana nalo, wa jamii ya Aristolochia. Mmea huo una asidi inayoua figo. Habari ilichapishwa mwaka 1993, na waathiriwa walifika zaidi ya 100. Halikuishia hapo. Wagonjwa 39 kati yao, ambao figo zilikuwa zimekwisha kufa, walikubali kutolewa figo na mirija yake ili ichunguzwe, na 18 walikutwa na saratani. Hakuna aliyekusudia kuwaua. Ni majina mawili yaliyofanana kwenye gunia.

Sasa pakiti yako imeandikwa nini? Na kama imeandikwa Kichina, nani kakusomea? Hata mitishamba inayotumiwa China mahsusi kwa uvimbe wa figo ina meno. Upo mmoja, Tripterygium, ambao kweli unatuliza kinga, lakini unaharibu uwezo wa kuzaa wa wanaume na wanawake, na sumu yake haiko mbali na dozi yake. Hili nawaambia pia wanaoletewa chupa za kienyeji kutoka mashambani. Mmea ukiwa na nguvu ya kutibu una nguvu ya kudhuru, na figo ndiyo mlango wa kutokea. Mitishamba ya China imetupa zawadi kubwa pia. Dawa ya malaria unayopewa kwenye zahanati zetu leo imetokana na mmea ambao Tu Youyou aliutafuta kwenye vitabu vya kale, akapata Nobeli mwaka 2015. Lakini yeye aliuchambua mmea huo, akatoa kiini chake na kukijaribu kwa wanyama, kisha akakinywa yeye mwenyewe kabla ya mgonjwa yeyote. Ile pakiti haijapitia njia hiyo.

Na jirani ya shangazi? Sina sababu ya kusema anadanganya. Uvimbe wa figo una aina nyingi. Mtoto aliyeumwa koo, au aliyekuwa na vidonda vya ngozi, anaweza kuvimba figo wiki chache baadaye, na wengi wao hupona wenyewe. Kuna aina ya watu wazima ambayo karibu theluthi moja hupoa bila dawa kali. Ukimchoma sindano mtu wa namna hiyo, sindano itasifiwa. Ukimpa uji wa wimbi, uji utasifiwa. Ningetaka kujua aina yake ilikuwa ipi, na protini yake ilikuwa ngapi kabla na baada.

Nawe pia hatujui aina yako. Ndiyo maana sindano ambayo ningekuomba uchomwe kwanza ni ile uliyoikimbia. Kwenye biopsi unalala kifudifudi, unatiwa ganzi, daktari anaiona figo kwa ultrasaundi, halafu anachukua kipande chembamba kama uzi. Utasikia mlio kama wa stepla na msukumo. Baadaye unalala chali saa kadhaa wakikupima presha. Mkojo unaweza kuwa mwekundu kidogo kwa siku moja au mbili, na kuvuja damu kwingi kupo ila ni nadra. Waambie mapema kama unameza aspirini au diklofenaki, maana hizo huchelewesha damu kuganda.

Nasisitiza kwa sababu ya sentensi yako ya mwisho, uliyoiandika kama nyongeza. Mwanamke wa miaka 34, figo zinavuja na viungo vinauma: wa kwanza kumshuku ni lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia viungo, ngozi na figo za mtu mwenyewe. Je, nywele zinakatika? Vidonda mdomoni? Jua likikupiga uso unawasha? Lupasi ikithibitika, utaongezewa dawa nyingine, kwa mfano haidroksiklorokwini na maikofenoleti, na hizo ndizo zitakazoruhusu prednisoloni ishuke mapema. Uso wako utapungua kwa njia hiyo. Kuiogopa biopsi ndiko kunakurefushia vile vidonge kumi.

Diklofenaki nayo iache leo. Hupunguza damu inayofika kwenye kichungi, inaweza yenyewe kuwasha figo, na ikikutana na enalaprili madhara yanazidi. Ibuprofeni ni dada yake. Kwa maumivu, tumia parasetamoli kwa kipimo chake mpaka uonane na daktari.

Kuna swali jingine, nalo naliuliza bila kukuhukumu: unapaka krimu ya kung'arisha ngozi? Hapa hapa Nairobi, mwaka 1972, madaktari waliandika kuhusu watu wazima 60 waliokuwa na figo zinazovuja protini kama zako. Zaidi ya nusu walikuwa wakipaka krimu zenye zebaki. Kuna walioacha krimu na figo zikarudi. Kopo likiwa halina orodha ya viungo, au limetoka chini ya kaunta, lilete nalitazame.

Kuhusu madhara unayoyaona: meza vidonge vyote kwa pamoja asubuhi mapema, kamwe si jioni, na usingizi utarudi kidogo. Njaa ni ya dawa, kwa hiyo punguza sukari na unga kabla mizani haijakushtua, na upimwe sukari. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na hapo hesabu na viungo vya pakiti unavyotia kwenye mchuzi. Kikohozi kikavu kwa kawaida ni cha enalaprili, na daktari anaweza kukubadilishia losartani ambayo haina kisa hicho. Lakini kikiwa na jasho la usiku au kimepita wiki mbili, upimwe TB, kwa sababu prednisoloni huiamsha iliyolala. Na ukiwa una mpango wa kupata mtoto, sema kabla, si baada. Enalaprili, losartani na maikofenoleti zote humdhuru mtoto aliye tumboni.

Sasa, kama bado unatamani sindano kwa ajili ya viungo na usingizi, mimi sikukatazi. Nitakwambia jambo ambalo wenzangu wengine hawatalipenda: zikikufanya usiinunue diklofenaki, figo zako zitakuwa zimefaidika nazo. Ila kila sindano ifunguliwe mbele ya macho yako kutoka pakiti mpya na itupwe baada ya kutumika, maana kinga yako iko chini na homa ya ini aina ya B haina huruma. Asikuchome penye ngozi iliyovimba maji, kidonda kidogo pale hakikauki. Kifuani na mabegani juu aende taratibu sana au aache, pafu liko karibu. Mwambie unameza steroidi. Na akitaka kukuuzia kitu cha kunywa, ondoka.

Shangazi usimgombeze, amehangaika nawe kwa mapenzi. Nenda naye kliniki ya figo, asikie mwenyewe. Mbebe na chupa zote za dawa, kopo la krimu kama lipo, ile pakiti ya Kilimani ikiwa haijafunguliwa, na mkojo wa kwanza wa asubuhi kwenye kikopo safi. Waombe wapime uwiano wa protini na kreatinini kwenye mkojo huo, halafu uandike namba hiyo nyuma ya daftari lako la somo pamoja na tarehe. Mwezi ujao nitakuuliza hiyo kwanza.